Nani Alipie Kesi ya Mke Aliyepigwa?

Hebu tuanzie Torrington, mji mdogo katika jimbo la Connecticut, Marekani. Tangu mwishoni mwa 1982 Tracey Thurman alikuwa haishi kwenda polisi kulalamika kwamba mumewe, waliyekwisha tengana, anamtishia maisha. Akafika hadi mahakamani, akapewa amri ya kumkataza bwana huyo asimsogelee. Karatasi tu! Tarehe 10 Juni 1983 yule bwana akamfuata, akamchoma kisu mara 13. Askari alipofika, jamaa alikuwa bado yupo pale pale, na mbele ya macho ya askari akampiga binti wa watu teke la kichwa. Thurman alipona, lakini sehemu ya mwili wake ilipooza.

Kwetu tunasema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Kumbe polisi wa Marekani nao walikuwa na jembe lao. Ugomvi wa mke na mume ulikuwa "mambo ya ndani", na askari aliyeitwa alimtembeza bwana nje kidogo hasira zipoe, basi, akaenda zake.

Thurman akaushtaki mji. Mwaka 1984 mahakama ya shirikisho ikakubali hoja yake: kama polisi wanamkamata mtu aliyempiga mpita njia lakini wanamwacha aliyempiga mkewe, hapo usawa mbele ya sheria umevunjwa. Mwaka 1985 wazee wa baraza wakaamua alipwe dola milioni 2.3. Majiji mengine yakashtuka. Nisiwafiche, nadhani zilizowashtua ni zile milioni kuliko ile damu.

Na hela ndiyo habari yenyewe katika historia hii. Kina mama wa St. Paul, Minnesota, walianza mwaka 1972 na simu tu ya kutoa ushauri, na mwaka 1974 wakafungua nyumba ya kukimbilia. Serikali ilikuja nyuma, tena kwa kusuasua. Mwaka 1979 Rais Carter alifungua ofisi ndogo ya kushughulikia ukatili wa majumbani. Mwaka 1981 akaingia Reagan, ofisi ikafungwa. Miaka miwili, bwana! Hata mche wa mwembe unakuwa haujashika sawasawa. Ajabu ni kwamba Reagan huyo huyo, mwaka 1984, alitia saini sheria mbili: moja ya kuzisaidia nyumba za hifadhi, nyingine ya kuanzisha mfuko wa waathirika wa uhalifu. Mfuko huo haukutegemea kodi. Uliwekewa faini wanazotozwa wahalifu katika mahakama za shirikisho. Tutaurudia.

Mlango mkubwa ulifunguka tarehe 13 Septemba 1994, Clinton alipotia saini sheria dhidi ya ukatili kwa wanawake, ambayo Joe Biden, akiwa seneta, alikuwa akiisukuma tangu 1990. Dola bilioni 1.6 kwa miaka sita. Sasa tazama zilivyogawanywa, maana ugomvi uko hapo. Kila jimbo lilipewa fungu lake, na sheria ikaamuru robo iende polisi, robo kwa waendesha mashtaka, na robo kwa mashirika yanayowahudumia waathirika. Mwaka 2000 fungu la mashirika likapandishwa hadi asilimia 30, mahakama nazo zikapewa asilimia 5.

Kwa nini wote hao? Kwa sababu mwendesha mashtaka si wakili wa mke. Ni wakili wa serikali. Yeye anataka hukumu. Mke pengine anataka kipigo kikome tu, watoto wale, kodi ya nyumba ilipwe. Mtetezi ndiye anayemweleza mama kesi iko wapi, anayekaa naye kwenye benchi la mahakama, anayemtafutia pa kulala usiku ule bwana atakapopata dhamana. Ukimlipa mwendesha mashtaka peke yake, unapata shahidi anayeogopa, na shahidi anayeogopa hatokei.

Wengine wakasema basi, tuendeshe kesi hata mke akikataa. San Diego walijulikana kwa mtindo huo: picha za majeraha, cheti cha daktari, sauti iliyorekodiwa alipopiga simu polisi. Mwaka 2004 Mahakama Kuu ya Marekani ikaubana, ikisisitiza haki ya mshtakiwa kumhoji anayemshuhudia. Mwaka 2006 ikafafanua: kilio cha simu hatari ikiwa bado inaendelea kinakubalika, bali maelezo anayopewa askari mambo yakishatulia, hapana, kama aliyeyatoa hakuja kuhojiwa. Kwa hiyo mama yule yule akahitajika tena kizimbani, na mtetezi wake pembeni.

Na ule mfuko wa faini? Waendesha mashtaka wa shirikisho walizidi kupatana na makampuni makubwa bila kuyafikisha kwenye hukumu. Malipo ya mapatano hayo yakawa yanaingia hazina kuu, mfuko ukapungua. Yaani mshahara wa mtetezi wa Ohio ulitegemea kampuni fulani ikamatwe na ihukumiwe, siyo ipatane tu. Julai 2021 Biden, sasa akiwa rais, alitia saini sheria ya kuyaelekeza malipo hayo mfukoni.