Ritifaa ya Nyang'oma na mkondo wa herufi

Nimekuwa kimya kwa muda, kazi zilinibana. Leo tuongee juu ya ritifaa, ile alama ndogo inayokaa juu katika ng'ombe, na jinsi ilivyonilazimisha kujifunza historia ya klasi moja ya Java iitwayo Reader.

Ukiwa Kisumu huikosi alama hiyo. Mjini kuna barabara ya Ang'awa. Ukienda Siaya kuna Ng'iya, na kuna Nyang'oma Kogelo, kijiji ambacho dunia nzima ilijaribu kukitamka mwaka 2008 Obama aliposhinda uchaguzi Marekani (wengi walikiuma ulimi). Kwa Dholuo, kama kwa Kiswahili, ng' ni sauti moja na ng ni nyingine kabisa. Kwa hiyo ritifaa hapa si pambo, ni kipande cha herufi.

Mwaka 2009 niliandika programu ya kusoma orodha ya malipo ya kikundi kimoja cha wauza samaki kando ya ziwa. Orodha ilichapwa kwa Word, ikahifadhiwa kama maandishi matupu. Kwenye tarakilishi yangu ya Windows ilisomeka vizuri. Tulipohamia kwenye seva ya Linux, kila jina lenye ng' likapata alama ya kuuliza ndani ya almasi nyeusi. Programu haikulalamika hata kidogo. Ililinganisha majina na daftari la wanachama, yasiyofanana ikayaruka. Mama mmoja muuza omena akakaa wiki mbili bila pesa zake. Alipouliza akaambiwa, "Mama, wewe humo kwenye kompyuta." Alikuwemo. Mimi ndiye niliyemtoa, na pesa ile ilikuwa karo ya mtoto.

Sasa tazama chanzo. Faili haina herufi ndani yake. Ina baiti, yaani namba kutoka 0 hadi 255. Java ya kwanza, ya Januari 1996, ilijigamba kwamba char yake ni ya Unicode, lakini mlango wake wa kusomea ulikuwa InputStream, ambao ni mkondo wa baiti. Kulikuwa na readLine ndani ya DataInputStream, nayo iligeuza kila baiti moja kuwa herufi moja. Kwa Kiingereza ilitosha. Mwaka 1997 JDK 1.1 ikaleta Reader, mkondo wa herufi, pamoja na InputStreamReader, ambaye ni mkalimani: anapokea baiti upande huu, anatoa herufi upande ule. Ile readLine ya zamani ikawekewa onyo kwamba isitumike tena.

Mkalimani lakini lazima aambiwe anatafsiri kutoka lugha gani. Asipoambiwa, wakati ule aliiuliza mashine. Windows yangu ilimjibu "Windows-1252", ambamo ritifaa iliyopinda, ile Word hupenda kuiweka yenyewe, ni baiti moja tu: 146. Linux ilimjibu "UTF-8", ambamo ritifaa hiyohiyo ni baiti tatu, na 146 ikiwa peke yake si kitu. Basi akaweka ile almasi akaendelea na safari. Hakutupa kosa lolote, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Heri programu ianguke mbele yangu kuliko imnyime mtu haki yake kimyakimya.

Mimi nilikuwa nimetumia FileReader, na ile ya wakati huo haikuwa hata na mahali pa kumwambia. Tulisubiri Java 11, mwaka 2018, ndipo ikapata. UTF-8 kuwa chaguo la kawaida kwenye kila mashine kulikuja na Java 18, Machi 2022. Hesabu mwenyewe tangu 1997.

Na usidhani ritifaa iliyonyooka iko salama. Mpe StreamTokenizer maneno Nyang'oma Kogelo bila kumrekebisha. Atakupa Nyang, kisha ataihesabu ritifaa kuwa mwanzo wa nukuu na kumeza yote yaliyobaki mpaka mwisho wa mstari. Aliyeipanga hivyo alikuwa akifikiria lugha kama C, si Siaya. Unicode kwa kweli ina ritifaa nyingine, U+02BC, inayohesabiwa kuwa herufi halali, ila sijawahi kuona kibodi ya Kisumu yenye kitufe chake.

Dawa yangu ilikuwa mstari mmoja:

new BufferedReader(new InputStreamReader(new FileInputStream(faili), "windows-1252"))

Kitu ndani ya kitu ndani ya kitu, kila kimoja na kazi yake, na yule wa katikati ameambiwa lugha. Orodha ikasomeka, mama akalipwa.

Siku hizi nikiletewa faili huuliza kwanza limehifadhiwa kwa usimbaji gani. Mara nyingi aliyelileta hajui. Basi natafuta jina moja lenye ng', nalifungua kwa hexdump, nazitazama baiti zake kabla sijaandika chochote.