Chupa za Kale Katika Mchanga wa Uvira

Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mvua kubwa ilinyesha Uvira, mto Mulongwe ukafurika, ukachukua nyumba na watu. Ziwa nalo lilipanda miaka ile, likala ufuko. Maji yakila udongo namna hii, hufukua vitu vilivyolala humo siku nyingi, na chupa ni mojawapo. Watoto huziokota na kuzivunja kwa mawe. Wakubwa husema, “Hizi ni za Wadachi,” na habari imekwisha. Ni hasara, kwa maana chupa yenyewe husema umri wake kwa mtu ajuaye mahali pa kutazama.

Basi, msomaji, anza na mdomo. Zamani fundi alichovya bomba la chuma katika kioo kilichoyeyuka, akapuliza kwa pumzi yake ndani ya kalibu, kisha akautengeneza mdomo wa chupa kwa mkono. Kwa hiyo mshono wa kalibu hupanda ubavuni na kuishia shingoni. Mwaka 1903 Michael Owens wa Toledo, Marekani, alifaulu kuunda mashine ya kutengeneza chupa nzima, na mshono wa chupa ya mashine hupanda mpaka juu ya mdomo. Pitisha ukucha, utausikia. Lakini angalia: chupa nyingi za mvinyo wa zamani hazina mshono hata kidogo, kwa kuwa fundi alizizungusha ndani ya kalibu hata ukafutika. Tena mdomo wenye ukingo wa kushika kifuniko cha bati chenye meno hauwezi kutangulia mwaka 1892, kwani ndipo William Painter alipopata hati ya uvumbuzi wake.

Ukiisha kujua hayo, jiulize: chupa hii ilifikaje huku? Burton na Speke walipofika Uvira mwezi wa Aprili 1858, Waarabu wa biashara walikuwa wamekwisha kufika, na mizigo yote ya pwani ilibebwa na watu. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kilo 30 hivi, basi chupa 20 za mvinyo zilimtosha mtu mmodi mwenye nguvu, kwa safari ya miezi mitatu au zaidi. Mwezi wa Novemba 1871 Stanley alimfungulia Livingstone chupa ya shampeni huko Ujiji, kabla hawajapanda mtumbwi pamoja kwenda kutazama mlango wa Rusizi. Majina yao twayajua sote. Yule aliyeibeba chupa ile toka Bagamoyo bila kuivunja, nani amtajaye?

Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na ya upande wa Kongo ikafika Albertville, yaani Kalemie, mwaka 1915. Tangu hapo kioo kilisafiri kwa treni na meli. Baadaye hata haikulazimu kutoka ng’ambo: bia ya Primus ilianza Léopoldville mwaka 1926, na Usumbura ikapata kiwanda chake cha bia mwaka 1955. Ukisoma jina Usumbura katika kioo au karatasi yake, ni kabla ya mji ule kuitwa Bujumbura, mwaka 1962.

Lakini mwaka wa kutengenezwa si mwaka wa kutupwa. Chupa tupu ilikuwa mali: ilitiwa mawese, asali, mafuta ya taa, dawa ya mganga, ikarithiwa. Chupa ya 1890 yaweza kulala shimo moja na kifuniko cha bia ya 1950. Kwa hiyo ukiiokota, andika mahali, kina cha udongo, na vitu vilivyokuwa karibu nayo. Ioshe kwa maji matupu; usiisugue kwa mchanga, maana ngozi ya kioo kilichozikwa hubanduka. Iliyo juu ya kaburi iache pale pale. Na ukiona chuma chenye umbo la chupa, usikiguse kamwe, wala usikipige jiwe: vita vimepita ufukoni hapa mara nyingi. Tia alama mbali kidogo, uwazuie watoto, ukawaite wenye kazi hiyo.