Kuichapa Picha ya Mwaka 1978

Ninakaa Kongowe ya Kibaha, kando ya barabara iendayo Morogoro. Siyo Kongowe ile ya barabara ya Kilwa, ambako mizigo yangu imewahi kupelekwa kwa makosa zaidi ya mara moja. Katika chumba ninachokiita ofisi, ingawa nilikwisha staafu ualimu mkuu miaka mingi iliyopita, lipo sanduku la bati nililolinunua mwaka 1971 nilipokuwa ninakwenda chuo cha ualimu. Wakati ule lilibeba shuka, sabuni na madaftari. Sasa limejaa picha.

Mwaka jana walinijia watu watatu niliowafundisha darasa la saba mwaka 1978. Nao sasa ni wazee wenye wajukuu, lakini waliniamkia shikamoo kwa sauti ileile ya darasani, nusura niwaambie wakae. Walikuwa wamechanga fedha ili kitengenezwe kitabu cha picha za shule yetu, kila mmoja apate nakala yake. "Mwalimu, picha unazo wewe," wakasema, "basi utuchagulie na njia ya kukitengeneza." Nilidhani ni kazi ya wiki mbili. Ilinichukua miezi minane.

Picha waliyoitaka kuliko zote ni ya Septemba 1978. Ni nyeusi na nyeupe, sentimeta 9 kwa 13, na ilipigwa na fundi aliyekuja na baiskeli kutoka Mlandizi. Wamo watoto 43 katika mistari mitatu, na mbele yao kibao nilichoandika mwaka kwa chaki. Mimi nimesimama kushoto, mwembamba kama ufito. Kulia kabisa, amejitenga hatua moja na wengine, yupo kijana ameshika kengele mkononi.

Kijana huyo alikuwa mwalimu wa UPE. Kwa msomaji aliyezaliwa baadaye nieleze kwamba Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliamua watoto wote waingie shule ifikapo 1977, na walimu hawakutosha hata kidogo. Basi vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa wakafundishe hukohuko vijijini, huku wao wenyewe wakijifunza ualimu kwa masomo ya posta, kwa redio, na kwa kusimamiwa na sisi tuliotoka vyuoni. Wako waliowacheka. Mimi niliwaona wakifundisha watoto 70 chini ya mwembe, na sikucheka. Huyu wangu alikuwa na miaka kumi na tisa, na hesabu zake za sehemu zilikuwa safi kuliko zangu. Mwezi mmoja na ushei baada ya picha ile, majeshi ya Idi Amin yakaingia Kagera. Kijana akaondoka na mgambo. Vita ikaisha mwaka 1979, wenzake wakarudi, yeye hakurudi.

Sampuli ya kwanza niliifanyia katika duka moja mjini, ambalo sina haja ya kulitaja. Walikuwa na kompyuta nzuri na karatasi nzito yenye kung'aa kama kioo. Kitabu kilipokuja kilikuwa na jalada gumu, nami nikafurahi. Mjukuu wangu akakifungua akasema, "Babu, kimependeza!" Kweli kilipendeza. Lakini mtu aliyeita mahudhurio kwa miaka zaidi ya thelathini hawezi kuliona kundi la watoto asilihesabu. Nikahesabu: watoto 43, na mwalimu mmoja. Nikarudia. Ukurasa ulikuwa mrefu zaidi ya picha, kwa hiyo kompyuta ilikuwa imeikuza picha mpaka ijaze ukurasa wote, na kilichozidi kingoni kikakatwa. Kijana wa kengele hakuwemo. Kibao chenye mwaka kilikuwa kimebaki nusu. Juu ya hayo, nyuso zetu zilikuwa zimeng'arishwa, tukawa kama watu waliopakwa unga.

Fundi hakuwa na ubaya. Alinieleza kwamba wateja hawapendi nafasi nyeupe kuzunguka picha. Huenda ni kweli.

Nikarudi nyumbani nikafanya kile mwalimu afanyacho akishindwa, yaani kusoma. Nikaona kwamba jambo hili lina historia ndefu. Vitabu vya kwanza vya picha havikuchapwa kwa mashine kabisa. Mwaka 1843 huko Uingereza mama mmoja, Anna Atkins, alianza kulaza mimea ya baharini juu ya karatasi yenye dawa, akaianika juani, ukatokea mfano mweupe juu ya buluu. Kila ukurasa wa kila nakala aliufanya hivyohivyo. William Henry Fox Talbot alifuata kwa kitabu kilichotoka kwa mafungu kati ya 1844 na 1846, chenye picha 24, na kila moja ilibandikwa kwa mkono. Kwetu pwani watu walipita njia hiyohiyo ya gundi. Karne ya 19 Mgoa A. C. Gomes alikuwa na studio yake Unguja, na mwaka 1930 Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio palepale mjini. Mteja alikwenda studio, akachukua picha zake, akazipanga mwenyewe katika albamu. Albamu ya namna hiyo haina mwisho: akizaliwa mtoto, unabandika, akija mjomba akamtambua mtu, unaandika jina chini.

Njia ya pili ilikuja na mitambo, tangu miaka ya 1880, pale mafundi walipoweza kuigeuza picha kuwa nukta ndogondogo ili ichapwe pamoja na maneno. Chukua gazeti la zamani, tazama uso wa mtu kwa kioo cha kukuzia, utaziona. Hapo ndipo picha za watu wa nchi hii zilipoanza kusafiri katika vitabu vya watu wengine. Mjerumani Walther Dobbertin alipiga picha nyingi hapa wakati wa utawala wao, na mwaka 1932 akatoa kitabu cha askari wa Lettow-Vorbeck. Picha zake zilihifadhiwa katika nyaraka za taifa la Ujerumani, na tangu mwaka 2008 nyingi zimewekwa wazi katika intaneti. Mjukuu wangu alinifungulia. Ni picha safi mno. Waona hata vifungo vya shati. Lakini chini ya nyingi nilizoziona limeandikwa neno la kazi tu au la kabila: askari, mpagazi, mwanamke wa mahali fulani. Nilikasirika. Nikamwambia mjukuu kwamba huyu bwana alijua jina la kila jemadari wake.

Tuendelee. Uchapaji wa bamba, ambao viwanda vya misheni kama Ndanda na Peramiho vimeufanya kwa miaka mingi, una hesabu yake: gharama kubwa ni kuandaa mabamba na kuutega mtambo, na gharama hiyo ni ileile uchape nakala moja au elfu. Sisi tulitaka nakala 30, kwa hiyo njia hiyo ilikuwa kama kukodi basi kumpeleka mtu mmoja Chalinze. Mambo yalianza kubadilika mwaka 1993, mitambo ya kampuni ya Indigo ilipotoka, inayopokea ukurasa kutoka kompyuta bila bamba. Ndiyo sababu leo mtu aweza kuchapa kitabu kimoja cha harusi yake.

Kijana wangu mmoja aliyeko ng'ambo alishauri tuagize huko kwa intaneti. Nilikataa, si kwa uzalendo, bali kwa sababu huko hakuna mtu wa kubishana naye mezani. Mwingine akasema nimtumie picha kwa WhatsApp atazipanga. Hapo pana mtego ambao namwonya msomaji: WhatsApp huifinya picha ipite upesi, na ikifika kwenye karatasi huwa imepoteza nusu ya macho yake. Afadhali kuskani picha yenyewe. Picha ya sentimeta 13 ikiskaniwa kwa nukta 600 kwa inchi, yaweza kuchapwa mara mbili ya urefu wake kwa nukta 300, na hicho ndicho kipimo ambacho wachapaji hukitaka.

Nikawaza pia kuacha yote nirudie albamu ya gundi. Lakini albamu ni moja, na watu ni wengi. Tena zile albamu za kurasa zenye kunata na karatasi ya nailoni juu yake, tulizozipenda sana zamani, zimenitia hasara: gundi imegeuka njano, na picha za rangi za miaka ya 1980 zimekuwa nyekundunyekundu kama udongo wa Kisarawe. Picha ya 1978, yenye fedha ndani ya karatasi yake, haijafifia.

Nikiwa bado nasitasita, alikuja dada yake yule kijana. Mmoja wa wanafunzi alikuwa amemwambia. Ni mama wa miaka sitini na kitu, alipanda daladala kutoka Mlandizi. Baada ya shikamoo na maji ya kunywa, nilimpa picha ile, siyo sampuli. Aliishika kwa mikono miwili. "Ndiye," akasema. "Mama amekufa hana picha yake." Akakaa kimya. Kisha akauliza, "Na kitabuni yumo, Mwalimu?" Nikamjibu kwamba atakuwemo.

Akaigeuza picha. Zamani hatukuiacha picha bila maandishi nyuma, na nyuma ya hii yapo maandishi yangu ya wino: "Ukumbusho, darasa la saba, 1978", kisha majina ya watoto wote 43, mstari kwa mstari, na jina langu mwisho. Alisoma taratibu kwa kidole mpaka chini. Akarudi juu akasoma tena. Mimi nilikuwa nimekwisha elewa kabla hajamaliza. Nilikuwa nimeandika watoto na Mwalimu Mkuu. Kijana aliyepiga kengele sikumwandika, kwa kuwa hakuwa mwanafunzi, na katika fikra zangu za wakati ule, nadhani, hakuwa mwalimu kamili.

Sikumweleza chochote kuhusu Dobbertin. Nilifungua droo nikampa penseli, kwa kuwa wino waweza kupenya upande wa pili. Akaandika majina matatu, la kwake, la baba na la babu. Sitayataja hapa.

Mchapaji tuliyemchagua ana duka dogo na hakupendezwa nami. Nilimtaka anichapie nakala moja ya kukagua kabla ya nyingine zote. Kila picha iwe nzima, na nafasi nyeupe kuizunguka, wala uso wa mtu usiguswe. Mgongo wa kila picha uskaniwe pia na uwekwe ukurasa wa kukabili. Karatasi isiyong'aa, maana inayong'aa huikataa kalamu, na nyuma ya kitabu kurasa nane tupu. Kitabu kishonwe kwa uzi. Kilichopigwa gundi tupu hubanduka mapema kwa joto letu hili. Aliniuliza kama nataka lile la penseli lifutwe ili mgongo wa picha uonekane safi. Nikamwambia asithubutu.

Nakala ya kukagua ililetwa Kongowe Jumamosi moja na kijana wa bodaboda. Nilihesabu nikiwa bado nimesimama mlangoni: watoto 43, mimi, na yeye na kengele yake. Nikampigia mchapaji simu nikamwambia achape nakala 31.