TUKAE NAO: HISTORIA FUPI YA KUUGUZANA MOYO



Katika kuadhimisha Siku ya Wakimbizi Duniani, kamati imeniomba niandike historia. Nimechagua maradhi tusiyopenda kuyataja: yale ya moyo na akili.

Nilipotoka kambini nikapanga chumba Kansanga, mwalimu mwenzangu aliyekaa jirani aliacha kula na kulala. Watu walisema amerogwa. Mimi nilimwambia, "Jikaze, ndugu, sote tumefiwa." Nilidhani namsaidia, kumbe nilimfunga mdomo. Wiki tatu hakuniambia neno.

Kampala ina hospitali ya Butabika tangu mwaka 1955, lakini wengi huogopa hata jina lake. Hata hivyo, historia ya Uganda inaonyesha kwamba matunzo huanzia karibu zaidi.

Huko Masaka na Rakai, watafiti waliwauliza wanavijiji juu ya huzuni nzito. Wakakuta Waganda wanayo majina yake, kama okwekyawa, yaani kujichukia. Watu wa huko huko, wasio madaktari, walifundishwa kuongoza vikundi vya mazungumzo, wakakutana kila wiki kwa wiki 16. Waliohudhuria walipata nafuu kubwa kuliko wasiohudhuria.

Nakivale ilikuwa habari yetu wenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliwahusu wakimbizi 277, Wanyarwanda na Wasomali, wenye kiwewe cha vita. Washauri walikuwa wakimbizi wenzao waliopewa mafunzo. Katika njia moja, mgonjwa alisimulia maisha yake tangu kuzaliwa, mabaya na mema kwa mpangilio, na mshauri akayaandika. Mwishoni, asilimia 70 ya waliofuata njia hiyo hawakuwa tena na dalili za kutosha kuitwa wagonjwa. Kati ya wasiopewa matibabu, walikuwa asilimia 37.

Niliposoma habari hizo niliona haya. Nikarudi kwa mwenzangu na chai, nikakaa bila kuhubiri. Jioni ya tatu alinitajia mdogo wake aliyebaki njiani. Alilia, nami nikanyamaza. Baadaye alikubali nimsindikize kwa mganga wa zahanati. Leo anafundisha tena, ingawa usiku mwingine bado ni mgumu.

Kwa hiyo nawaomba wakazi: mwulizeni mwenzenu hali yake, kisha mngojee jibu. Msitangaze siri yake. Akitaja kujiua, msimwache peke yake, mtafutieni mhudumu wa afya siku hiyo hiyo. Naye anayeuguza asibebe mzigo peke yake, apokezane na wengine.

Nanyi wafanyakazi wa mashirika, tunawashukuru. Mnapopanga huduma, wafundisheni watu wetu, wanaojua lugha zetu na milango yetu. Ninyi mna muda wa mradi. Sisi tutakuwa majirani hata mradi ukiisha.

Wenu katika ujenzi wa jamii,
Mwalimu, Kansanga