Ndalambo na Ukanda wa Mpaka wa Tunduma

Ndalambo ni kata ya Wilaya ya Momba, mkoani Songwe, kusini magharibi mwa Tanzania. Ipo katika ukanda wa barabara itokayo Tunduma kwenda Sumbawanga, juu ya uwanda unaopakana na Zambia upande wa kusini na kuteremka kaskazini hadi bonde la Ziwa Rukwa. Mvua hunyesha kwa msimu mmoja, takriban Novemba hadi Aprili, na uoto wa asili ni miombo. Wakazi hutegemea kilimo: mahindi, maharage, ulezi na alizeti. Zamani ulezi ulipandwa kwenye majivu ya matawi yaliyokatwa, kurundikwa na kuchomwa, mbinu iliyoufaa udongo huu usio na rutuba nyingi ilimradi watu walikuwa wachache na misitu mingi.

Wenyeji wakubwa wa ukanda huu ni Wanyamwanga, na nchi yao ndiyo iliyokatwa na mpaka. Kipande hiki cha mpaka kilitokana na barabara. Katika miaka ya 1880 Kampuni ya African Lakes ilianza kuchonga njia ya kuunganisha Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, kwa msaada wa fedha za James Stevenson, mfanyabiashara wa Scotland. Njia hiyo haikukamilika kamwe, lakini Uingereza haikukubali kuipoteza. Mkataba wa Heligoland na Zanzibar wa tarehe 1 Julai 1890 ukaiacha njia upande wa Waingereza, na Wajerumani wakapewa ardhi iliyokuwa kaskazini yake. Wanyamwanga hawakuulizwa. Ndugu wa ukoo mmoja wakajikuta chini ya serikali mbili, na hata leo familia nyingi zina jamaa Tunduma, upande wa Tanzania, na Nakonde, upande wa Zambia. Dhuluma hiyo haikufutwa na uhuru, kwani Tanganyika mwaka 1961 na Zambia mwaka 1964 zilirithi mstari uleule.

Mstari huo ndio ulioijenga Tunduma. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru Novemba 1965, Zambia ilihitaji njia ya kufikia bahari isiyopita Rhodesia. Bomba la mafuta la TAZAMA lilianza kazi mwaka 1968. Barabara kuu ikajengwa upya, kisha reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860, ikakamilika mwaka 1975. Tunduma ikawa lango la mizigo ya bandari ya Dar es Salaam iendayo Zambia na Kongo. Sensa ya mwaka 2022 iliukuta mji huo ukiwa na watu zaidi ya laki mbili. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa Oktoba 2019. Kwa Ndalambo, mabadiliko makubwa yaliletwa na lami ya Tunduma–Sumbawanga, iliyojengwa kwa ufadhili wa Marekani.

Kiutawala, eneo hili lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Mbeya. Wilaya ya Momba ilianzishwa mwaka 2012, na Mkoa wa Songwe ukafuata Januari 2016, makao yake makuu yakiwa Vwawa. Tunduma ina halmashauri yake ya mji, ilhali Ndalambo ipo chini ya Halmashauri ya Wilaya ya Momba yenye makao Chitete. Kata huwakilishwa na diwani, anayeongoza pia kamati ya maendeleo ya kata. Chini ya kata kuna vijiji, kila kimoja na mwenyekiti wa kuchaguliwa na mtendaji wa kuajiriwa, na vijiji hugawanyika katika vitongoji.

Mamlaka yenye uzito zaidi kwa mkulima ipo kijijini. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi, lakini ugawaji wake unahitaji ridhaa ya mkutano mkuu, ambao kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe wake. Tunduma inapanuka na ardhi iliyo karibu na lami inazidi kutafutwa, hivyo wanakijiji wa Ndalambo hawana budi kuhudhuria mikutano hiyo na kudai muhtasari wa kila uamuzi unaohusu mashamba yao.