Uhusika wa Uchokozi: Swarna Mallawarachchi katika Sinema ya Kisinhala

Uhusika wa uchokozi, katika sinema ya Kisinhala ya Sri Lanka, ni nafasi ya mwanamke ambaye mwenendo wake, hasa katika ndoa, mapenzi na mwili, unawakera watazamaji waheshimiwa huku filamu yenyewe ikikataa kumhukumu. Sehemu ya mwisho ya fasili hii ndiyo yenye uzito. Mwanamke mkorofi alikuwapo katika filamu hizo tangu zamani: mcheza ngoma wa klabu ya usiku, kimada wa tajiri, mshawishi wa waume za watu. Kazi yake ilikuwa kumtia shujaa majaribuni, kisha afe au atubu kabla taa za ukumbi hazijawashwa. Huyo hachokozi mtu, kwa kuwa kila mtazamaji anajua mapema atakavyoishia. Mwigizaji ambaye jina lake limefungamana na uhusika unaojadiliwa hapa ni Swarna Mallawarachchi.

Uchokozi hutofautiana pia na utupu. Katika miaka ya 1990 kumbi za Sri Lanka zilifurika filamu za gharama ndogo zilizouzwa kwa tangazo la "kwa watu wazima tu", na waigizaji wa kike waliozicheza walipata sifa ya uchokozi kwa urahisi mno. Sinema ya Kisinhala ilikuwa na desturi yake ya zamani ya kuonyesha mwili bila kuuonyesha: mwanamke kisimani au mtoni, amejifunga kitambaa kimoja juu ya matiti, maji yakimwagika begani. Mandhari hiyo ilipita katika filamu nyingi za familia bila kelele. Kwa hiyo ngozi haikuwa tatizo kubwa. Tatizo lilianza pale mwanamke aliyejifunga kitambaa hicho alipoonekana ana matakwa yake mwenyewe.

Kielelezo ambacho Swarna alikipinga kina historia fupi. Filamu ya kwanza ya Kisinhala yenye sauti, Kadawunu Poronduwa, ilionyeshwa tarehe 21 Januari 1947, nyota wake akiwa Rukmani Devi. Kwa miaka kadhaa baadaye filamu ziliendelea kutengenezwa katika studio za kusini mwa India kwa kufuata mtindo wa huko: nyimbo, machozi, bikira na jambazi. Lester James Peries aliitoa kamera studioni kwa Rekava mwaka 1956, na kwa Gamperaliya ya 1963 akaipa sinema hiyo mwanamke wake wa mfano. Huyo ni Nanda, aliyeigizwa na Punya Heendeniya. Nanda anampenda mmoja, anaolewa na mwingine kwa kuridhia wazazi, na maumivu yake yote yanakaa machoni. Ni uigizaji wa hali ya juu. Ndio pia uliowazoesha watazamaji kuamini kwamba hadhi ya mwanamke ni kunyamaza.

Safari ya Swarna ina vipindi vitatu visivyolingana. Cha kwanza kinaanza na Sath Samudura, yaani Bahari Saba, ya mwaka 1967, iliyoongozwa na mshairi na mwanazuoni Siri Gunasinghe. Kinaendelea na Hanthane Kathawa ya 1969, hadithi ya mapenzi ya wanafunzi wa chuo kikuu cha Peradeniya aliyoigiza pamoja na Tony Ranasinghe na Vijaya Kumaratunga, kisha Ves Gaththo ya 1970, filamu ya kwanza ya mwongozaji Vasantha Obeysekera. Hapa alikuwa mwigizaji mzuri miongoni mwa wengine wazuri. Kipindi cha pili, 1980 hadi 1989, ndicho kilichomjengea jina. Cha tatu kinaanzia miaka ya 1990, filamu zikiwa chache na kila moja ikiangaliwa kama tukio.

Wanawake wa kipindi cha pili wanagawanyika katika aina nne.

Aina ya kwanza ni mke anayetoka nje ya ndoa. Katika Hansa Vilak ya 1980, filamu ya kwanza ya Dharmasiri Bandaranayake, Swarna ni Miranda, mke wa Douglas, anayependana na Nissanka, naye mume wa mtu. Mwongozaji mwenyewe aliigiza Nissanka, na Henry Jayasena akawa Douglas. Filamu inachanganya yaliyotokea na yanayoogopwa hadi mtazamaji hana tena uhakika yumo sebuleni au kichwani mwa mtu. Miranda hapewi kisingizio cha kawaida cha mume mlevi au mpigaji. Ametaka, basi.

Aina ya pili ni aliyedanganywa asiyekubali kuondoka. Ndiye Rathmali wa Dadayama, filamu ya Obeysekera ya 1983 iliyotokana na kesi ya mauaji iliyotikisa nchi. Jina la filamu lina maana ya uwindaji. Kisa ni kikongwe: mwanamume mtanashati, aliyeigizwa na Ravindra Randeniya, anamlaghai msichana, anampa mimba, anamtelekeza. Katika filamu za awali msichana wa namna hiyo angejitupa mtoni au angeingia utawa. Rathmali anamfuata mwanamume. Anadai. Anarudi tena kudai. Sehemu ya mwisho, ambayo watu wa Sri Lanka huitaja kwanza filamu hii inapozungumzwa, inawaweka wawili hao peke yao nyikani. Gari linageuzwa kuwa silaha, nalo linamwandama mwanamke huku na huko kwenye ardhi ya vichaka. Linamkosa, linazunguka, linamrudia. Anakimbia, anaanguka, anainuka, anapigana nalo. Kinachoshangaza hapo ni jinsi hofu yake inavyochanganyika na hasira, na hasira kuzidi. Mawindo kwa kawaida hayamkasirikii mwindaji.

Aina ya tatu ni mwanamke anayetumia mwili wake kama mtaji. Suddilage Kathaawa ya 1985, yaani Kisa cha Suddi, ni kazi nyingine ya Bandaranayake, iliyotokana na riwaya ya Simon Navagattegama. Romiel, mume wa Suddi, ni muuaji wa kukodiwa aliyeko kizuizini, na Cyril Wickramage ndiye aliyemwigiza. Nyumbani hakuna chakula. Kijijini kuna wanaume wenye chakula, akiwamo mudalali, kama Wasinhala wanavyomwita mwenye duka anayekopesha na kudai, na mzee aliyewahi kuwa mkuu wa kijiji. Suddi anawapokea. Uchokozi wa filamu hii uko katika hesabu: kila mwanamume anayeingia mlangoni analeta kitu, na Suddi anajua thamani ya kila kitu. Halii, hajitetei, na kuna nyakati anaonekana kufurahia. Wema wa kijiji unaonekana ukigawiwa kwa kibaba, na aliye uchi kuliko wote, ikiruhusiwa kusema hivyo katika makala ya aina hii, ni mudalali.

Aina ya nne ni mjane asiyekaa mahali pake. Heenkella wa Sagara Jalaya Madi Handuwa Oba Handa, filamu ya Sumitra Peries ya 1988, anamlea mwanawe katika ukanda mkavu wa kisiwa. Yeye pia alitoka katika kalamu ya Navagattegama, safari hii katika hadithi fupi. Kosa lake ni dogo kuliko la Suddi: ni kuishi peke yake na kujibu anaposemwa. Mwaka uliofuata Swarna alirudi kwa Obeysekera katika Kadapathaka Chaya, iliyomrudisha kwenye ukatili unaofanywa ndani ya ukoo.

Vyombo vya uigizaji wake ni vichache. Cha kwanza ni jicho: tofauti na Nanda, wanawake wake humtazama mwanamume usoni kabla hajasema neno, kana kwamba wanampima uzito. Cha pili ni sauti isiyopambwa, yenye makali ya ugomvi wa uani. Cha tatu ni mwendo. Mwili wa Suddi hutembea kama mwili unaofanya kazi, na mvuto wake unatoka humo.

Katika ulinganisho, Malini Fonseka, aliyeitwa malkia wa sinema ya Kisinhala na kufariki mwaka 2025, alipendwa na umma mpana zaidi na aliweza nafasi za kila aina. Anoja Weerasinghe alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika tamasha la New Delhi mwaka 1987 kwa Maldeniye Simiyon. Swarna hakuwashinda kwa umaarufu, ingawa tuzo za filamu za Sarasaviya zilimfikia zaidi ya mara moja. Aliwazidi kwa kushikilia jambo moja muda mrefu.

Udhibiti wa maonyesho Sri Lanka una mizizi katika sheria ya kikoloni ya 1912, na bodi iliyotokana nayo ndiyo inayopanga filamu ipi ni ya wote na ipi ni ya watu wazima. Mkono huo uliwaangukia kwa uzito zaidi waongozaji wa kizazi kilichofuata. Asoka Handagama, ambaye Thani Thatuwen Piyambanna yake ya 2002 ilimwonyesha Anoma Janadari kama mwanamke anayeishi kama mwanamume, alizuiliwa filamu yake Aksharaya mwaka 2006.

Kipindi cha tatu kinageuza wanawake wale wale wawe na umri. Katika Anantha Rathriya ya Prasanna Vithanage, 1996, iliyochukua mwanga wake kutoka riwaya ya Tolstoy iitwayo Ufufuo, Swarna ni Piyum, mtumishi wa zamani. Suvisal, mwanamume aliyemharibia maisha, anaketi mahakamani kama mzee wa baraza na kumkuta kizimbani. Miaka 20 baadaye, katika Age Asa Aga ya Handagama, yeye ni mke wa profesa ambaye mwanafunzi wa kike anadai kuwa na uhusiano naye. Profesa aliigizwa na Dhritiman Chatterjee kutoka India. Mke huyo, badala ya kumfukuza msichana, anamkaribisha aje kuishi nao.