Kidato cha sita, JKT na ule mwaka wa katikati

Birmingham baridi imekaza, nami nimo kwenye zamu za usiku wiki nzima, kwa hiyo naandika mchana badala ya kulala. Mkikuta herufi zimeruka mnisamehe.

Nimesoma yote kwenye grupu la familia. Binti yetu kamaliza kidato cha sita, kasema chuo atakwenda mwakani, kwanza akae dukani kwa mjomba ajifunze biashara. Basi moto ukawaka! Mmoja kasema ni uvivu, mwingine kasema ni uzungu, na wa tatu akaongeza kwamba bila shaka mimi wa Ulaya ndiye niliyemjaza maneno. Sikumjaza mtu. Ila hilo la uzungu limenikaa kooni, maana nchi yetu wenyewe iliwahi kukataza mtu kutoka shule na kuingia chuo kikuu moja kwa moja.

Tuanzie 1966. Jeshi la Kujenga Taifa lilikuwepo tangu 1963, lakini kwa kujitolea. Mwaka 1966 serikali ikaamua kwamba wahitimu wa vyuo na wa kidato cha sita waende kwa lazima miaka miwili: miezi mitano kambini, na muda uliobaki kazini kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Wanafunzi wa Chuo Kikuu wakachemka. Tarehe 22 Oktoba 1966 wakaandamana mpaka Ikulu, wengine na mabango yaliyosema afadhali enzi za mkoloni. Mwalimu aliwasikiliza, kisha akawaka kuliko wao. Papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na wanafunzi karibu 400 wakafukuzwa chuo na kurudishwa kwao. Wengi walirudishiwa nafasi baadaye, na sheria ikabaki. Miezi michache mbele, Februari 1967, ndipo likaja Azimio la Arusha.

Kubwa zaidi lilitoka Musoma, Novemba 1974, kwenye kikao cha Halmashauri Kuu ya TANU. Wengi tunalikumbuka Azimio la Musoma kwa elimu ya msingi kwa wote, lakini lilikuwa na sehemu ya pili. Ukimaliza kidato cha sita unakwenda JKT mwaka mmoja, kisha unafanya kazi si chini ya miaka miwili, ndipo unaomba chuo kikuu. Alama za mtihani pekee hazikutosha, ulihitaji pia maneno mazuri kutoka kwa mwajiri wako na kutoka tawi la chama. Na chuo kikuu chenyewe nchini kilikuwa kimoja tu, cha Dar es Salaam. Ukikosa hapo, umekosa.

Fikra yenyewe mimi siichukii. Mwalimu aliona vijana wanaosomeshwa kwa jasho la wakulima wanatoka shule hawajawahi kushika jembe la maana wala kuripoti kwa bosi, kisha wanarudi kuwa mabwana wakubwa. Nani atabisha? Tatizo lilikuwa kwa wasichana. Idadi yao chuoni ikashuka. Miaka mitatu kwa msichana wa miaka 20 si sawa na miaka mitatu kwa kaka yake: posa zinakuja, mimba inakuja, nyumbani wanauliza unasubiri nini. Haikupita miaka mingi wanawake wakaondolewa sharti la kufanya kazi kwanza. Kwa maoni yangu, waliopanga walikuwa wanamfikiria kijana wa kiume tu, basi. Kwa wengine sharti nalo lililegezwa miaka ya 1980.

JKT ya lazima ilisitishwa 1994, ikarudi 2013, na mwaka huo hata wabunge vijana walivaa kombati wakaenda kukimbia mchakamchaka. Mimi niliangukia katikati, sikwenda. Kizazi chetu mtihani ulikuwa Februari na chuo Oktoba, kwa hiyo miezi minane tulikaa nyumbani kupika na kuchambua mchele. Hakuna aliyeita huo uvivu!

Sasa hao Wazungu. Wazee wa kiume ninaowahudumia wodini, wenye miaka 85 na zaidi, wengi wanakumbuka jeshi la lazima la Uingereza. Wa mwisho waliitwa 1960. Kijana alikwenda, mara nyingi kabla ya chuo, na baadhi yao walipelekwa Kenya wakati wa Mau Mau. Ulikuwa amri kama wetu. Mwaka wa hiari ulianza kukua wakati huo huo jeshi likifungwa: VSO ilianza 1958 kwa kupeleka vijana wa miaka 18 nchi za nje, na Project Trust ilipeleka watatu wa kwanza Ethiopia 1967. Oneni miaka hiyo! Sisi tunapeleka watoto wetu kambini Ruvu wajue kulima, wao wanaleta wa kwao Afrika waje kutufundisha.

Na msidhani kila mtoto wa hapa anafanya hivyo. Prince William alikwenda Chile mwaka 2000 kabla ya chuo, sawa. Ila ada ilipokuwa inapanda kutoka pauni 3,000 na kitu hadi 9,000 mwaka 2012, vijana walikimbilia kuingia 2011, wakaacha kabisa habari ya kusubiri. Watoto wa mtaani kwangu wanaochelewa chuo wako maghala ya mizigo, wanabeba maboksi usiku. Wenye kupumzika kweli hupata kwanza nafasi chuoni, kisha wanaomba waianze mwakani. Hilo la nafasi mkononi ndilo ningemwuliza binti yetu, pamoja na mwongozo wa Bodi ya Mikopo unavyosema, kabla ya kumwita mvivu.

Shangazi wa Tabora, najua unasoma kupitia simu ya mwanao. Wewe uliingia chuo enzi za Musoma. Tuandikie: uliajiriwa wapi, na ile barua ya tawi ulimwomba nani?